Jinsi ya kuyavua maji yaliyo chini ya Kawe

Iweke rula mbali kwanza. Anayeishi Kawe, kwenye pwani ya Dar es Salaam, huizoea rula bila kujua: kiwanja kina kona nne na bikoni nne, ukuta umefuata bikoni, kichochoro kimefuata ukuta. Ndiyo maana mtu akiambiwa achore maji yaliyo chini ya mtaa wake huanza kwa kupiga miraba juu ya ramani, kama mpima anayegawa viwanja. Maji hayajapimiwa kiwanja. Yanaingia yalipoangukia, yanashuka, yanakwepa mfinyanzi, yanafuata mchanga, na njiani yanapita chini ya ukuta wa jirani bila kupiga hodi.

Mwongozo huu ni wa kuyavua maji hayo kwa wavu. Wavu wenyewe ni gridi ya kukokotoa: ardhi inagawanywa katika macho mengi, na kwa kila jicho kompyuta inakadiria maji yamesimama kimo gani, yanahamia jicho lipi, na kwa kasi gani. Wanaochimba mafuta na gesi wanaitumia kila siku kuitazama miamba wasiyoweza kuingia. Sisi wa Kawe tunaihitaji kuliko wao. Wao wakikosea hasara inaingia kwenye vitabu vya hesabu. Sisi tukikosea inaingia kwenye chai.

Naisema chai kwa sababu ndiyo iliyotupa habari nyumbani kwetu. Kisima kilichimbwa wakati wa mgao wa maji, maji yakatoka matamu, mama akagawia majirani kwa ndoo. Baada ya misimu kadhaa maziwa yakaanza kukatika kwenye chai, sabuni ikagoma kutoa povu, na mwisho hata wageni wakawa wanauliza kwa adabu kama tumetia chumvi. Mchimbaji alikuwa ameondoka zamani na rigi yake, na hakutuachia hata karatasi moja inayoonyesha alipita mchanga mita ngapi na mfinyanzi mita ngapi. Tangu hapo nimejifunza kusuka nyavu.

Sasa, kabla ya kuwasha kompyuta, shuka ufukweni alasiri wavuvi wanaposhona nyavu. Salimia, kaa chini, tazama mikono, kama nilivyofanya kwa mvuvi mmoja mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sogea huku kivulini."

Nilimuuliza kwa nini hasuki wavu mmoja wenye macho madogo pande zote, ili asikose kitu.

"Utauvuta wewe?" akasema, bila kuinua kichwa. "Mzito huo. Macho madogo yanakaa hapa kwenye mfuko, samaki wanakojikusanya. Huku mbawani wanapita tu, ya nini kumaliza uzi?"

Hilo ndilo somo zima, na yaliyobaki ni kulihamishia ardhini. Chukua kipande cha kilomita 5 kutoka vilima vya Makongo hadi baharini, upana kilomita 4, kina mita 60. Ukikigawa kwa macho ya mita 10 kwa 10, unene mita 1, utapata macho 12,000,000. Kompyuta ya mezani italia usiku kucha kwa hesabu moja, nawe unahitaji hesabu mamia, kwa sababu kila swali la kisima kipya ni hesabu mpya. Ukikuza macho yawe mita 100 kwa 100, unene mita 5, yanabaki 24,000. Majibu utayapata kabla chai haijapoa, ila sasa macho yamekuwa makubwa mno na kilichokuwa muhimu kinapenya.

Ngoja nionyeshe kinavyopenya, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza maji yao. Tuseme ndani ya jicho moja la mita 100 mna mkanda wa mchanga safi wa mita 30, mabaki ya mto wa kale uliofukiwa, na mita 70 zilizobaki ni mfinyanzi. Mchanga unapitisha maji kwa kipimo cha mita 10 kwa siku, mfinyanzi mita 0.001. Jicho moja halina nafasi ya tarakimu mbili. Lazima upate wastani. Maji yakienda sambamba na mkanda, wastani ni mita 3 kwa siku. Yakiukata mkanda na kulazimika kuvuka mfinyanzi, wastani ni mita 0.0014. Ardhi ni ileile, jicho ni lilelile, lakini majibu yanapishana kwa zaidi ya mara 2,000, na kinachoamua lipi ni la kweli ni uelekeo wa maji tu. Aliyechora miraba kabla ya kuuliza maji yanaelekea wapi hana namna ya kujua achague wastani upi. Atachagua wa katikati, na wa katikati haupo popote duniani.

Kwa hiyo kazi igeuzwe. Maji yaachwe yatiririke kwanza, japo kwa hesabu ya haraka, halafu gridi ichorwe kwa kufuata njia zao. Mwaka 1997 Louis Durlofsky na wenzake walichapisha njia ya kufanya hivyo kwa miamba ya mafuta: macho yabaki madogo mtiririko unapokuwa na kasi, na yaunganishwe kuwa makubwa pale maji yanapolala. Mwaka huohuo Dar es Salaam ilikuwa katika ukame mkali, Mto Ruvu umepungua, na visima vinachimbwa mitaani kwa haraka kuokoa jiji. Sidhani kama yeyote aliyekuwa akisimamia rigi mwaka ule alikuwa na nafasi ya kusoma makala ya gridi. Lakini visima vile, na vingi vilivyovifuata, vilichimbwa kwa kufuata kona za viwanja, nasi tumerithi matokeo.

Kazi yenyewe inaanza kwa mguu, mtaa kwa mtaa. Ukanda wetu wa pwani una mchanga juu, kisha mfinyanzi usio na unene mmoja, kisha mchanga mwingine, na sehemu nyingine chokaa ya matumbawe kama ile inayochimbwa Wazo kwa ajili ya saruji. Unene wa kila tabaka haukisiwi, unaulizwa. Waulize wenye visima: mita ngapi, mwaka gani, fundi alisema alipita nini. Mwenye kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inavyotaka, huenda akawa na ripoti ya uchimbaji ndani ya bahasha kabatini. Iombe kwa upole, ipige picha, irudishe siku hiyohiyo. Ukwamani na Mzimuni utakaribishwa uani na kupewa maji ya kunywa ya kisima kilekile unachokuja kukipima. Kawe Beach utazungumza na mlinzi getini, naye ndiye anayejua pampu inawashwa saa ngapi, kwa hiyo usimpite haraka kumtafuta tajiri.

Kisha pima kimo cha maji. Kamba, kipande cha chuma, futi ya fundi. Pima alfajiri, pampu ikiwa imelala usiku kucha, la sivyo unapima shimo ambalo pampu imelichimba ndani ya maji. Wengi huishia kuandika "maji yako mita 9" na kuridhika. Mita 9 kutoka wapi? Kutoka usoni mwa ardhi, na ardhi ya Kawe inapanda na kushuka. Kinachosukuma maji ni kimo chake kutoka usawa wa bahari. Simu yako inaweza kukosea mwinuko kwa mita kadhaa, wakati tofauti unayoitafuta kati ya kisima na kisima inaweza kuwa nusu mita. Tafuta mpima mwenye levo, au soma gharama yake kama sehemu ya gharama ya kisima. Na kwa visima vilivyo karibu na ufuko, andika pia hali ya bahari. Wakati wa bamvua bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na visima vya jirani yake hupumua pamoja nayo. Kipimo cha maji kujaa na kipimo cha maji kupwa havichorwi kwenye ramani moja.

Ukishapata vipimo hivyo, rudi mezani na penseli. Natamani kila mwanafunzi wa sekondari ya Kawe angepewa alasiri moja ya kazi hii. Unganisha visima vyenye kimo sawa kwa mistari laini. Hiyo ni mistari ya kimo. Kisha anzia juu, upande wa Makongo, ushushe mistari mingine inayoikata ile ya kwanza kwa pembe mraba, mpaka baharini. Hiyo ndiyo njia ya maji. Henry Darcy alionyesha mwaka 1856 mjini Dijon, Ufaransa, kwa mabomba yaliyojazwa mchanga, kwamba maji yanayopita hulingana na tofauti ya kimo, na hupungua kadiri safari inavyorefuka. Mhandisi wa Austria, Philipp Forchheimer, akaitumia kanuni hiyo kuchora nyavu za mtiririko kwa mkono, miongo mingi kabla ya kompyuta.

Mistari ya njia usiisambaze kwa kukisia tu. Ipange ili kila mkanda kati ya mistari miwili ubebe maji sawasawa. Tuseme kipande chako kinapitisha mita za ujazo 2,000 kwa siku. Mistari 21 inazaa mikanda 20, kila mmoja mita za ujazo 100. Tazama sasa kinachotokea. Karibu na kisima kinachovutwa sana mikanda inabanana. Kwenye mto wa kale uliofukiwa inabanana. Penye mfinyanzi mpana inatanuka hadi inaonekana mivivu. Mstari wa kimo ukikatiza mkanda mwembamba unazaa jicho dogo, ukikatiza mkanda mpana unazaa jicho kubwa. Hukuamua wewe. Uzi umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa wavu, na mbawani umebaki mchache, kama mzee alivyosema.

Anayetilia shaka afanye jikoni. Tafuta boksi la plastiki linaloonyesha ndani, jaza mchanga uliooshwa, fukia pande la mfinyanzi katikati, mwaga maji upande mmoja na uyaachie tundu upande wa pili. Dondosha rangi ya chakula juu ya mchanga, sehemu tano au sita, ukiegemea ukuta wa boksi. Nyuzi za rangi zitashuka, zitagonga mfinyanzi, zitapinda, zitakutana upande wa pili. Choma mrija wa soda ukutani hapo na uvute kidogo kidogo: nyuzi zote zilizokuwa zinaelekea tundu zitageuka kukutazama wewe. Watoto wa dada yangu walilirudia hilo mpaka rangi ikaisha, na mkubwa wao akauliza swali ambalo nitalirudia baadaye.

Ukitoka kwenye penseli, kompyuta haitakutoza. MODFLOW, programu ya Idara ya Jiolojia ya Marekani iliyotoka mwaka 1984, inapatikana bure, na matoleo ya karibuni yanakubali macho ya umbo lolote, si miraba peke yake. Utaratibu ni uleule: hesabu ya haraka kwenye macho madogo yote, mara moja tu, maji yametulia na pampu zinavuta, fuatilia njia, suka gridi kubwa kwa kuzifuata, kisha kwa kila jicho kubwa tafuta wastani kwa kuyapitisha maji ndani yake upande ule yanaokwenda kweli. Mwisho linganisha. Kisima kikitoa mita za ujazo fulani kwenye gridi ya mamilioni, kitoe karibu hizohizo kwenye gridi ya maelfu. Kisipotoa, kuna mkanda wa mchanga umepenya mahali. Rudi ukautafute.

Hapa pana shimo ambalo miongozo ya wenye mafuta hailitaji sana, kwa sababu kwao pampu haziwashwi na mgao. Wavu uliosukwa kwa mtiririko ni mwaminifu kwa mtiririko ule tu. Kawe ina mitiririko miwili. Siku za kawaida bomba la Ruvu Chini linatoa, watu wengi hawagusi visima, maji ya ardhini yanashuka taratibu kwenda baharini. Ukija mgao, kama ule wa mwisho wa mwaka 2022 Ruvu ilipopungua, pampu zote zinawashwa ndani ya wiki moja, maboza yanapanga foleni kwenye visima vinavyouza, na mistari iliyokuwa inaelekea baharini inageuka kuingia mitaani. Gridi ya siku za kawaida ina macho makubwa palepale ambapo mgao unahitaji madogo. Dawa yake ni kupitisha maji mara mbili, mara moja kwa kila hali, kuzilaza ramani mbili pamoja, na kuacha macho madogo kila mahali ambapo mojawapo inayataka. Wavu utakuwa mzito kidogo. Ubebe.

Chumvi nayo ina masharti yake. Lita ya maji ya bahari ni nzito kuliko ya maji matamu kwa takriban gramu 25, tofauti inayoonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu. Ghyben, Mholanzi, na Herzberg, Mjerumani, kila mmoja kwa wakati wake, waligundua kwamba kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo, yakielea juu ya chumvi. Kwa hiyo maji ya kisima chako yakisimama nusu mita juu ya bahari, una mita 20 za utamu, basi. Fundi anayekushauri uongeze kina hadi mita 40 ili "upate maji mengi" anakupeleka baharini kwa njia ya wima. Na pampu ikishusha kimo hicho kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi, ukipewa muda, unaweza kupanda mita 4. Gridi yenye matabaka ya mita 5 haitauona mpaka huo ukipanda hadi uwe umefika. Karibu na mpaka suka matabaka membamba, mita 1 au chini yake, na yafuate mwinamo wa mpaka, usiyalaze bapa kama rafu za duka.

Sasa swali la mtoto. Alitazama nyuzi za rangi zikigeukia mrija, akasema: "Anko, ile ya kwanza uliidondosha wapi?" Alikuwa anaufuata uzi kinyumenyume, toka kwenye mrija hadi rangi ilikoanzia. Sijaona matumizi bora ya gridi ya mtiririko kuliko hayo, na ndiyo yaliyonifanya niandike. Mistari ileile inayokuonyesha maji yako yanakwenda wapi, ukiigeuza, inakuonyesha yametoka kwa nani. Sehemu kubwa ya jiji hili bado inatumia vyoo vya shimo na makaro. Chukua mchanga wetu wa mita 10 kwa siku, mteremko wa mita 1 kwa kila 500, na nafasi ya robo kati ya chembe za mchanga: maji yanasafiri takriban mita 29 kwa mwaka. Vijidudu vingi vya kipindupindu na vya kuhara hufa njiani katika safari ya muda huo. Naitreti haifi. Na karibu na kisima kinachovutwa mkanda unabanana, kasi inapanda, na safari ya mwaka inakuwa ya wiki.

Kwa hiyo chora kwa penseli nyekundu mistari yote inayotoka kwenye kisima kurudi nyuma, hadi umbali wa miezi kadhaa ya safari. Ndani ya eneo hilo, ambalo litakuwa na umbo la ulimi, si la duara, choo kipya kisichimbwe. Choo kilicho mita 15 kutoka kisimani lakini upande wa chini kinaweza kuwa salama kuliko kilicho mita 40 upande wa juu. Ukimpelekea mwenyekiti wa mtaa ulimi huo uliochorwa juu ya picha ya nyumba anazozifahamu, atauelewa kwa dakika moja. Nimeona mwenyekiti akinyoosha kidole kwenye karatasi na kutaja majina ya wenye nyumba mmoja baada ya mwingine, akizidi kupunguza sauti.

Nchi hii haina uchanga katika mambo haya ya gridi. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, inatoka kwenye mchanga uliogeuka mwamba tangu zama za kale, na hakuna anayefungua kisima kule bila gridi. Tawi la bomba hilo linakwenda hadi kiwanda cha saruji Wazo, kaskazini yetu. Na kwa maji, Chuo Kikuu Ardhi na Sapienza ya Roma waliwahi kuvichunguza kwa pamoja visima vya pwani ya jiji na chumvi inayovinyemelea. Ujuzi upo saa moja ya daladala kutoka Kawe. Kinachohitajika ni kuushusha hadi kwenye mtaa, kisima kwa kisima.

Kisha kuna mtihani wa mwisho, na huo haufanyiki mezani. Subiri bamvua, maji yakipwa sana. Teremka na karatasi yako ufukweni, mahali ambapo kwa mujibu wa mistari maji matamu yanatokea baharini. Mchanga wa hapo utaukuta unameremeta wakati wa jirani yake umekauka, na vijito vyembamba kama uzi vinatiririka toka kwenye mchanga wenyewe. Chimba kwa kiganja, zamisha kipima chumvi, andika tarakimu, songa hatua ishirini, rudia.

Mara ya mwisho nilikuwa na mistari saba. Mitano ilitua penye maji yasiyo na chumvi nyingi. Miwili, ile ya upande wa Mto Mlalakuwa, ilitua pakavu, na maji matamu niliyakuta mita 60 kusini yake, yakibubujika karibu na mizizi ya mkoko mmoja. Kuna mchanga pale ambao sikuuchora. Jumamosi nitaanza kuwauliza wenye visima vya upande huo.